Farasi Mmoja, Wenye Safari Watatu

Tegeni sikio, na mwenye jibu alifiche mpaka nimalize. Nimewahi kuisimulia hadithi hii watu wakanikatiza njiani na majibu yao, na wote walibadili mawazo kabla ya mwisho.

Walikuwa majirani watatu wa Mpwapwa. Kila mmoja alikuwa na kipaji, na kila kipaji kilikuja na kasoro yake.

Wa kwanza aliitwa Nyemo, mjane, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa pua. Akipita nje ya nyumba yako alijua umepika nini, jirani yako kapika nini, na nani kati yenu kaunguza. Kasoro yake ilikuwa kutaka. Akishataka jambo, halimtoki. Baba yake alikuwa na zizi la ng'ombe. Alipofariki, kaka zake waligawana ng'ombe, na Nyemo akapewa kibuyu cha maziwa. Kitupu. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba kitu chake pekee chenye miguu minne ni meza ya cherehani.

Wa pili alikuwa shemeji yake, Ndahani, daktari wa mifugo mstaafu. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Alisomea Urusi ujanani, na Kirusi chake hakikuota kutu. Kasoro yake: tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui."

Wa tatu ni Mihambo, Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wa hao Wagogo wawili. Kipaji chake kilikuwa mzigo. Kitu ambacho wewe ungekipakia kwenye mkokoteni, yeye alikifunga kikaenea kwapani. Kasoro yake ilikuwa godoro. Alikuwa na godoro la sufi alilorithi kwa mama yake, na hakulala ugenini bila godoro hilo, hata msibani.

Siku moja redio ilieleza habari za Mongolia, nchi ambayo wafugaji wake huhama na nyumba zao, na mifugo ni mingi kuliko watu. Mtangazaji akaongeza kwamba huko hata mwanamke huwa na farasi wake. Nyemo aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Nakwenda," akasema.

"Sokoni?" akauliza Mihambo, aliyekuwa amekuja kuchukua suruali.

"Mongolia."

"Haya. Ukirudi unipitie na vitunguu."

Ilichukua miaka. Nyemo ndiye aliyeandika maombi, aliyepanga foleni za viza, aliyemsumbua shemeji yake mpaka akakubali, na aliyemwambia Mihambo kwamba Wanyamwezi wa zamani walibeba mizigo mpaka pwani, huyu wa leo anaogopa ndege. Mihambo alikubali siku hiyohiyo, kwa hasira.

Wakakaa kibarazani kupanga.

"Twende lini?" akauliza Ndahani.

"Baada ya Pasaka," akasema Nyemo. "Masika yameshika, majani mabichi, mifugo imenenepa. Wafugaji wakiwa na maziwa huwa na roho nzuri."

Wote watatu wakaona ni jambo la akili. Hakuna aliyeuliza masika ya nani.

"Lugha niachieni mimi," akasema Ndahani. "Kule bwenini nililala chumba kimoja na Mmongolia. Alinifundisha shikamoo yao. *Nohoi hor!* Ukifika kwa watu, unasimama mbali kidogo na kuipaza. Ndiyo adabu yao."

"Nohoi hor," wakaitikia wenzake. Waliifanyia mazoezi mpaka wateja wa Nyemo nao wakaizoea.

"Na mimi nabeba godoro," akasema Mihambo.

"Mtani, huko watu wana vitanda."

"Vitanda vyao, mgongo wangu."

Akalikunja, akalikalia, akalifunga kwa mipira ya tairi hadi likawa dogo kama mkungu wa ndizi. Nyemo na Ndahani walimcheka kutoka Mpwapwa mpaka uwanja wa ndege, na yeye aliwajibu kwa matusi ya utani ambayo hapa si mahali pake.

Walipotua, Ndahani alimsogelea ofisa wa uhamiaji, akainamisha kichwa, akasema, "Nohoi hor!" Ofisa akachungulia chini ya meza. Hotelini Nyemo alimwamkia mzee wa mapokezi, na mzee akatazama mlangoni kwa wasiwasi.

"Mbona wanashtuka?" akauliza Nyemo.

"Wana haya," akasema Ndahani. "Ni watu wa heshima sana."

Nje, barafu ilikuwa bado imeganda mitaroni. Upepo uliingia kwa mkono mmoja wa koti la Nyemo na kutokea kwa mwingine.

"Shemeji," akasema, meno yakigongana, "hii ndiyo masika?"

"Mwezi uliuchagua wewe."

Wakakodi gari na dereva, wakaelekea nyikani. Siku ya pili gari lilizama kwenye tope la theluji. Dereva akawaonyesha kwa mikono wakae, akaenda kutafuta msaada. Hakurudi. Mafuta yakaisha, na gari likawa baridi kuliko nje. Theluji ikaanza kupeperuka na kufuta alama za miguu yake. Hapo ndipo kila mmoja alipotoa alichonacho, na hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Nyemo alishusha kioo, akainua pua. Theluji haina harufu, na nyika ile haikuwa na harufu pia. Lakini kwa mbali, kama uzi mmoja kwenye kitambaa, palikuja harufu aliyoijua tangu zizi la baba yake: moshi wa samadi kavu. "Kule kuna watu wanapika," akasema. Ndahani hakunusa kitu. Mihambo hakunusa kitu. Bila pua ya Nyemo wasingejua hata pa kuelekeza uso.

Mihambo alikata mipira ya tairi. Godoro likaumuka kama mtu aliyeachiwa pumzi. Akalitandaza juu ya vichwa vyao vitatu, wakashika pembe na kutembea chini yake kama kobe mwenye miguu sita. Upepo uligonga sufi ukachoka. "Chekeni sasa!" alikuwa akisema Mihambo kila baada ya hatua chache. "Mbona hamcheki?" Bila godoro la Mihambo wangejua pa kwenda, lakini wangefia njiani.

Basi wakatembea, Nyemo mbele akinusa, mpaka wakaona hema la mviringo la sufu, moshi ukitoka juu. Mihambo, kwa furaha, akafanya ambacho yeyote kati yetu angefanya. Akapaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Walioitikia ni mbwa. Majitu matatu yenye manyoya, yakija bila kubweka, na mbwa asiyebweka mnamjua. Godoro likaanguka. Mihambo akajificha nyuma ya Nyemo, Nyemo nyuma ya Ndahani, na Ndahani, aliyekosa wa kujificha nyuma yake, akafumba macho na kupiga kelele: "Nohoi hor! Nohoi hor!"

"Unawaamkia mbwa?" Nyemo akalia.

Lakini mlango ulifunguka. Bibi mmoja, mfupi na mpana, alitoka mbio, akakamata mbwa wawili kwa shingo na wa tatu akamkalia. Bila ulimi wa Ndahani wangefika salama, lakini wangeliwa mlangoni.

Bibi huyo aliitwa Dolgor. Shuleni alifundishwa Kirusi, kwa hiyo wakati wageni wakinywa chai ya maziwa yenye chumvi, aliweza kuongea na Ndahani. Akasema jambo moja, akacheka mpaka akafuta machozi. Ndahani akakohoa.

"Amesema nini, shemeji?"

"Anatukaribisha."

"Mtu hacheki hivyo kwa kukaribisha. Sema."

Ndahani akatazama kikombe chake. "Anasema mbwa wameshikwa, sasa tutulie. *Nohoi hor*... maana yake ni 'shikeni mbwa.' Ndiyo hodi yao."

Mihambo akaanza kucheka, akacheka mpaka akaangukia kwenye godoro lake mwenyewe. "Ofisa wa uhamiaji!" alisema. "Maskini, alikuwa akimtafuta mbwa!"

Walikaa kwa Dolgor hadi hali ya hewa ilipotulia. Dereva naye alionekana, mzima, kwenye hema la jirani upande wa pili wa kilima, akicheza karata. Asubuhi ya kuondoka, Dolgor naye alikuwa akivunja hema ahame. Akaja akivuta kamba, na kwenye kamba alikuwa mwana farasi jike, wa rangi ya chai. Akasema maneno machache.

"Anasema," Ndahani akatafsiri, "hajawahi kupata wageni waliotoka mbali kama sisi. Farasi huyu anampa mmoja wetu. Atakua katika kundi lake, lakini ni mali ya huyo mtu, kwa jina atakalompa, siku zote. Anampa yule aliyewafikisha wenzake, yaani, kwa maneno mengine, aliyewaingiza mlangoni."

"Mtani," akasema Mihambo, "bibi amesema maneno matatu, wewe umetafsiri debe zima. Rudia."

Ndahani akajikuna kidevu. "Amesema *hozyain*. Mwenye. Anampa mwenye safari."

"Basi mwenye safari ni mimi," akasema Nyemo, na sauti yake haikuwa ya utani. "Nani alikuwa akiitaka safari hii nyinyi mkiagiza vitunguu? Na nani alinusa moshi?"

"Na nani alituleta kwenye barafu akasema masika?" akajibu Ndahani. "Mwenye safari ni anayebisha hodi akafunguliwa."

"Uliyebisha bila kujua unasema nini!"

"Nilijua pa kuisema. Hilo ndilo la maana."

"Mwenye safari ni mwenye mzigo," akasema Mihambo. "Asiye na mzigo anatembeatembea tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu ulikuwa sufi kweli, na nyinyi mlicheka, kisha mkaingia chini yake."

"Ulilibeba kwa ajili ya mgongo wako!"

"Na mgongo wangu ukawaokoa."

Mwana farasi akanusa kiganja cha Nyemo, akatafuna pembe ya godoro la Mihambo, kisha akapiga chafya kwenye koti la Ndahani. Hakusaidia kitu.

Dolgor akaonyesha mizigo iliyokwisha kufungwa. Kundi linaondoka. Kwao mnyama asiye na mwenyewe hapewi jina, na asiye na jina huuzwa wa kwanza.

Ndahani akalegea. "Basi tumpe Nyemo. Ni mjane, hana hata mbuzi."

Nyemo akarudisha mkono uliokuwa tayari umeinuka kuelekea kwenye kamba.

"Farasi wa kuhurumiwa sitaki," akasema. "Kibuyu nilishapewa. Kama ni wangu, niambieni ni wangu. Kama si wangu, mpeni mwenyewe."

Ndahani hakuyatafsiri maneno hayo. Dolgor hakuhitaji. Alinyoosha kamba mbele, katikati yao watatu, akangoja.

Haya. Mimi nimefika mwisho wa yangu. Pua ilijua njia, godoro likawavusha, neno likafungua mlango, na kila mmoja alikosea kwa namna yake. Huruma imekataliwa na mwenyewe. Ninyi mlioniangalia tangu mwanzo kwa macho ya kujua: kamba ndiyo hiyo, bibi anawangoja nyinyi, na mbwa wake wamelala tu. Mwenye safari ni nani?