Darasa Lisiloguswa na Udongo

Hadithi, hadithi! Mkishashiba tu mnanijia, na vyombo hakuna aliyeviosha. Haya, kaeni, na atakayesinzia asiniulize kesho.

Hapo zamani, si ile ya mababu, ya juzijuzi tu, palikuwa na mwalimu anaitwa Siwema. Alikuwa anasomea udaktari. Si ule wa sindano, ni ule wa kujua watoto wadogo wafundishwe vipi mpaka wajue kusoma. Ndiyo, hilo nalo watu wanalisomea mpaka nywele zinatoka mvi.

Siwema alibuni njia yake: mtoto afinyange herufi kwa udongo, huku anaitamka. Profesa wake akamwambia, "Utajuaje ni udongo uliomfundisha? Chukua madarasa mawili. Moja lifinyange, jingine lisiguse udongo kabisa. Mwisho wa mwaka tuwapime."

Ikapigwa kura. Darasa A likapata udongo, darasa B likabaki na chaki. Na binti wa Siwema mwenyewe, Mwantumu, alikuwa B.

Mwaka ukaenda. A wakasoma, B wakatoa macho. Siwema akipita dirishani kwa B, anaharakisha hatua. Kila A walivyozidi kusoma, ndivyo udaktari ulivyosogea, na ndivyo wale wengine walivyoachwa. Nyumbani Mwantumu akamwuliza, "Mama, sisi tumekosa nini?"

Siwema akamwambia alale. Kesho yake akaulizwa tena. Mwisho akashindwa, akachota udongo nyuma ya jiko, akamfinyangia mwanawe herufi. "Usimwambie mtu!"

Mtoto wa darasa la kwanza, asimwambie mtu! Haukupita muda, B nzima inafinyanga nyuma ya vyoo. Mwalimu wao, Mkwizu, aliyemwahidi Profesa kuwazuia wasiguse udongo, akawaona. Akageuza shingo.

Siku ya kupimwa, A wakasoma. B wakasoma. Tofauti hakuna! Siwema afanyeje? Aseme njia yake haifai, nayo inafaa? Au aseme ameivujisha mwenyewe? Akaitwa mbele ya maprofesa, Mkwizu naye akaitwa. Siwema akasema kweli.

Profesa wake akashika kichwa. "Siwema, ungevumilia mwaka mmoja tu! Njia yako ingethibitika, watoto wa nchi nzima wangefaidika."

"Samahani, Profesa," Siwema akasema, "wewe ndiye uliyetaka wengine waachwe. Mimi ni mama."

Mkwizu akacheka kwa uchungu. "Mama wa nani, mwenzangu? Si ulimwambia mwanao asimwambie mtu? Wa kwako asome, wa wenzio wakae gizani!"

"Na wewe ahadi yako iko wapi?" Profesa akamwuliza Mkwizu.

"Mlitaka nimnyang'anye mtoto herufi mkononi? Nifukuzeni."

Maprofesa wakanong'onezana, wakamtwika Siwema mzigo wote. Aanze upya, shule nyingine, madarasa mengine mawili. Na safari hii lile lisilopata udongo alifundishe yeye mwenyewe. Mwaka mzima asimame mbele yao na chaki, wanamtazama, naye anajua dawa yao na hawapi.

Akaenda. Akasimama.

Je, nani alistahili kusimama pale: aliyetaka watoto waachwe, aliyevunja ahadi akageuza shingo, au aliyemwonea huruma wa kwake peke yake?