Mkeka wa Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni karibu. Anayelia apewe ziwa, tuanze.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na vijiji na vibaraza vyao, aliishi Nguchiro. Nguchiro alikuwa mcha Mungu. Sala ya alfajiri haimpiti. Mgonjwa akiwepo, wa kwanza kupiga hodi ni yeye. Tena alipenda wenzake wajue kwamba wa kwanza ni yeye. Hilo tuliweke pembeni, tutalirudia.

Jioni moja Bundi alitua juu ya paa la Mama Kanga. Akalia, huu, huu. Mama Kanga akatoka mbio.

"Jamani, bundi paani kwangu. Nani atakufa humu?"

Ngiri akaokota jiwe. Pa! Bundi akaanguka, puu, bawa limevunjika. Wengine wakataka kummalizia. Nguchiro akasimama katikati.

"Huyu naye kaumbwa na Mungu," akasema. "Nipeni mimi."

Akambeba hadi kwa Bi Kobe, fundi wa kuunga mifupa. Bi Kobe akalinyoosha bawa, akalifunga kwa vijiti na kamba ya mgomba. Kisha akampa Nguchiro mkeka mpya, umekunjwa, umefungwa kwa ukindu.

"Utundike mbele ya tundu utakalomweka," akasema. "Nyama uipitishe chini. Asikuone uso. Asisikie sauti yako."

"Hata salamu, bibi?"

"Hata salamu. Huyu anaishi kwa kuwinda. Ukimzoesha mkono wako, atasahau. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alisikia kweli. Hilo ndilo lililomwumiza baadaye.

Alipofika nyumbani akamwona Bundi kajikunyata, mpweke. Akasema moyoni, mkeka nitautundika kesho. Kesho ikaja, akasema kesho. Akamlisha kwa mkono, akamwimbia, na nyinyi mwitikie kama Bundi:

Bundi njoo, njoo kwangu,
nyama imo mkononi mwangu.

Naja, baba, naja.

Baba! Lile neno lilimwingia Nguchiro kama asali.

Kijiji kikaja kutazama. Nguchiro akamweka Bundi begani, jua la mchana likimchoma macho, akaanza kuwafundisha.

"Huyu si mchawi. Huyu anakula panya. Na panya ndio wanaomaliza mtama wenu."

"Mbona alilia kwetu na bibi yangu akafa?" Ngiri akauliza.

"Bibi yako alikuwa na meno mangapi?"

"Hakuwa na hata moja."

"Na asubuhi ile jogoo hakuwika?"

"Aliwika."

"Mbona jogoo hukumpiga jiwe?"

Wakacheka mpaka Ngiri akainamisha pembe zake. Mama Kanga akamgusa Bundi manyoya, akasema, "Kumbe laini hivi." Tangu hapo hakuna aliyemrushia bundi jiwe kijijini. Hilo lilikuwa jema, tusimnyime haki yake. Lakini kila aliyeondoka alisema, Nguchiro ana moyo. Na Nguchiro akatamani waje tena kesho, waseme tena.

Bawa likaunga. Bi Kobe akaja kufungua vijiti.

"Mkeka uliutundika?"

"Niliutundika, bibi."

Alisema hivyo akiwa ametoka kusali.

Bundi akaachiwa. Akaruka kimya, kama pamba, akavuka kilima. Vigelegele vikapigwa.

Ng'ambo ya kilima palikuwa na kijiji kingine, na huko hakuna aliyefundishwa. Njaa ikamshika Bundi. Hakuwinda. Akatua uani kwa Nungunungu mchana kweupe, akaachama kama kifaranga.

Naja, baba, naja.

Wa huko hawajapata kumwona bundi akiomba chakula mchana. Wakachukua magongo.

Akarudi kwa miguu, jicho moja limefumba, halitafumbuka tena. Akasimama mlangoni kwa Nguchiro.

"Nina njaa, baba."

Neno lilelile. Safari hii lilimchoma. Bundi mzima, mwindaji, anangoja kutiwa nyama mdomoni! Nguchiro hakuweza kumtazama.

Majirani wakakusanyika. "Wale wa ng'ambo washenzi," Mama Kanga akasema. "Washenzi kabisa," wakaitikia wote. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Lakini Bi Kobe alikuwa anatazama ukutani. Mkeka ulikuwa pale, umekunjwa, ukindu haujafunguliwa, buibui ametanda juu yake.

"Si wao," Nguchiro akasema. "Ni mimi. Nilipenda aniite baba. Nilipenda mje mniangalie. Niliita huruma, kumbe nilikuwa najilisha mwenyewe. Nikamdanganya na bibi, udhu wangu haujakauka."

Mama Kanga akaangalia miguu yake.

"Utundike," Bi Kobe akasema.

Nguchiro akamrudisha Bundi tunduni, akautundika. Kila jioni akaachia panya hai chini ya mkeka, akakaa nyuma yake. Upande wa pili Bundi akalia, naja, baba, naja. Nguchiro akajiuma mkono, asijibu. Mchana akavuka kilima peke yake, begani hana kitu, akawaambia akina Nungunungu kwamba bundi si mchawi, na kosa lilikuwa lake. Wakamtukana kwanza. Akatukanika. Kisha wakamsikiliza.

Bundi akalia, akalia, akachoka kulia. Jioni moja ikawa kimya. Halafu, kwaa! Kucha. Bundi mwenye jicho moja alikuwa amemsikia panya kwa masikio, akamkamata mwenyewe.

Bi Kobe akafungua tundu. Nguchiro alikuwa nyuma ya mkeka, hakumwona akiondoka. Bundi akiruka hana mlio.

Mvua zilipokwisha, bundi mmoja alitua juu ya paa la Nguchiro. Huu, huu. Jicho moja. Akatazama chini kwa Nguchiro kama anavyotazama jiwe, asimjue. Wimbo ukampanda Nguchiro kooni. Akaumeza. Akainamisha uso, akaingia ndani kusali, na safari hii hakumwambia mtu.

Basi wakubwa na wadogo, ukimsaidia kiumbe, msaidie aweze kuishi bila wewe. Ukimsaidia ili usifiwe, umemvunja mara ya pili.

Hadithi yangu imeishia hapo, nyuma ya mkeka. Anayetaka kunisifu, anyamaze tu.