Chupa ya Nne ya Bi Tumpe

Sogeeni karibu, na anayempenda mbwa kuliko mtu akae nyuma, maana leo nitamsema.

Kule Tukuyu aliishi mjane tajiri, Bi Tumpe. Alikuwa na mbwa mmoja, Meja, na watumishi watatu. Ambakisye alijua kusoma hata maandishi ya ukubwa wa chawa. Sekela alikuwa na pua isiyodanganyika. Lugano alikuwa na ngozi nyepesi mno, akivaa sweta la sufu tu anawashwa hadi jioni.

Mwezi uliopita mtumishi mwingine alimwogesha Meja kwa sabuni ya unga. Ngozi ya mbwa ikachunika, na yule dada akatolewa nje siku hiyohiyo, mvua ikinyesha. Safari hii Bi Tumpe alipanga mezani chupa nne za shampuu.

"Moja tu ndiyo salama," alisema. "Mbwa wangu akijikuna hata mara moja, mnaondoka wote."

Ambakisye akazisoma. Chupa ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote, na wenzake walikwisha kuichagua. Lakini nyuma, chini kabisa, iliandikwa kwamba ni ya nywele za watu, isitumiwe kwa wanyama. Akaiweka kando.

Sekela akazinusa zilizobaki. Ya pili ilikuwa na picha ya mbwa anayecheka, na Ambakisye alikwisha kuipitisha. Sekela akarudisha kifuniko haraka. "Ina yale mafuta makali ya majani," alisema. "Nilipofanya kazi zamani, mtoto wa mbwa aliyalamba. Alitetemeka mpaka akafa mikononi mwangu."

Zikabaki mbili, zote za mbwa, zote hazina harufu. Lugano akakunja mikono ya shati, akapaka ya tatu mkono wa kushoto na ya nne mkono wa kulia, akangoja. Haikupita nusu saa, mkono wa kushoto ulivimba, ukatoa malengelenge. Ile chupa ilikuwa imeharibika, na kati yao watatu hakuna aliyejua.

Wakamwogesha Meja kwa ya nne. Hakujikuna. Manyoya yake yaling'aa. Bi Tumpe akamlaza kwenye kochi karibu na jiko la mkaa, akawatazama wale watatu waliosimama barazani wakitetemeka kwa baridi.

"Chupa imebaki moja," alisema. "Na nyinyi abaki mmoja. Nyumba hii haihitaji watu watatu. Amueni wenyewe. Meja akikauka, wawili wawe wamevuka geti."

"Mama, tumeifanya pamoja," Sekela alisema.

"Basi ondokeni pamoja."

Hapo ndipo nilipowaonea huruma, kisha nikawachukia.

"Dada, wewe hata jina lako huwezi kuandika," Ambakisye alimwambia Sekela. "Bila mimi mngemmwagia ile ya kwanza."

"Na ya pili uliisoma wewe, kaka, ukasema ni salama! Bila pua yangu mbwa angekuwa shimoni."

"Ya tatu mliipitisha wote wawili," alisema Lugano, akiuinua mkono uliovimba. "Mimi nimelipa kwa ngozi."

"Na mkono huo utaoshea vyombo gani?" Sekela alimuuliza. Jana yake Sekela huyohuyo alimkorogea Lugano uji alipokuwa na homa.

Bi Tumpe alicheka kule ndani ya nyumba, akampapasa mbwa. "Mgongo umekauka," alisema kwa sauti.

Sasa msiniletee maneno ya wabaki wote watatu. Mwenye nyumba amekwisha kusema mmoja. Msiniambie pia wagome, maana kila mmoja amekwisha kuwageukia wenzake. Kuna aliyesoma, kuna aliyenusa, kuna aliyeungua, na angekosekana hata mmoja, mbwa angeumia.

Mvua imeanza. Masikio ya Meja tu ndiyo bado mabichi. Je, wewe ungemwacha nani ndani?