Mshenga wa Maboga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiposana na kusengenyana kisimani kama sisi, palikuwa na nyuki mmoja, Bi Sikudhani. Mdogo kama punje ya mtama, mweusi tii, na mwiba hana. Wapo nyuki wa namna hiyo, wajukuu zangu, wasiochoma mtu. Alikaa na wanawe ndani ya gogo kavu, pembeni mwa shamba la maboga la Bwana Kiboko.

Mwaka huo Bwana Kiboko na mkewe, Mama Semeni, walikuwa wanamwoza binti yao. Wakwe walishatuma salamu: "Pilau hatutaki. Tupikieni maboga ya nazi, tule mpaka tulale chali." Basi shamba zima lilikuwa maboga, maua ya manjano yametapakaa.

Asubuhi moja Mama Semeni akamwona Bi Sikudhani anatoka ndani ya ua, miguu imejaa unga wa manjano.

"Haa! Mwizi! Baba Semeni, njoo umwone! Kumbe unga wa maua yangu ndio anaojipaka miguuni!"

Bwana Kiboko akaja na shoka, du! du! du! ardhi ikatetemeka.

"Gogo hili leo linakuwa kuni za harusi," akanguruma.

Mle ndani wana wa Bi Sikudhani walikuwa wachanga, hata mbawa hawajaota. Kuchoma hawezi. Kupigana na kiboko? Thubutu! Alibaki na ulimi tu.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Shikamoo, Mama. Ni kweli, mimi mwizi."

Kiboko akashusha shoka. Hakuzoea mwizi anayekubali upesi hivyo.

"Niliuona unga umeachwa wazi, nikajichotea," akasema Bi Sikudhani. "Lakini ukimvunjia mwizi nyumba, atajenga nyingine karibu zaidi. Dawa yake ni kumfungia mlango. Si mnacho kile chandarua kikubwa cha bi harusi? Funikeni shamba lote. Nitakaa hapa nikilia njaa."

Mama Semeni akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Mume wangu, liache gogo! Akiungua mara moja kuna raha gani? Nataka awe anayatazama maua, mate yanamtoka!"

Vuu! Chandarua kikatandazwa. Bi Sikudhani akaingia gogoni, akacheka kwi kwi kwi, kisha akenda zake kula maua ya mkwaju na ya magugu, ambayo hayana mwenyewe.

Mama Semeni naye alikwenda kisimani, ndoo kaiweka chini, maji hakuteka. "Mashoga, nimemkomesha mwizi wangu!" Habari ikafika hata kwa wasioulizia.

Siku zikapita. Vijiboga vikatokeza, vidogo kama kidole gumba. Vikageuka manjano. Vikaanguka. Pu! Mama Semeni akamwagilia. Pu! Akatia samadi. Pu, pu! Na wakwe wakatuma tena: "Tunafunga mizigo."

"Baba Semeni, tumerogwa!" akalia. "Wakwe watakula nini? Binti yangu atarudishwa!"

Wakaenda gogoni, taratibu safari hii.

"Hodi, Bi Sikudhani."

"Nani?"

"Mimi hapa, shoga yako."

"Shoga! Tangu lini? Kisimani naambiwa mimi mwizi."

"Yaishe, dada. Maboga yanaanguka."

Bi Sikudhani akatoka, akatua juu ya gogo. "Niambie, Mama Semeni. Binti yako aliposwaje? Bwana harusi alikuja mwenyewe?"

"Aje mwenyewe, hana haya? Alimtuma mshenga."

"Na mshenga mlimlisha?"

"Wali na kuku! Akafungiwa na wa njiani."

"Mkamwita mwizi?"

Mama Semeni akamgeukia mumewe, mumewe akamgeukia yeye.

"Basi tazameni. Ua hili lenye unga ni bwana. Lile lenye kijiboga shingoni ni bibi. Bwana hatembei, bibi hatembei. Anayebeba unga wa bwana kumpelekea bibi, ndipo boga likue, ni mimi na ndugu zangu. Tukila kidogo njiani, huo ndio wali wetu. Na ninyi mshenga mmemfungia nje!"

Bwana Kiboko akajipiga kofi la kichwa, pa! "Nawe ulijua, ukatuambia tufunike!"

"Baba, ningesema ukweli mbele ya shoka, ungesikia?"

Bwana Kiboko akatazama kucha zake.

"Gogo langu lisiguswe daima," akasema Bi Sikudhani, "na harusini nialikwe."

"Haliguswi!" wakaitika wote wawili.

Chandarua kikaondolewa. Kila kulipopambazuka, zzzii, zzzii, Bi Sikudhani na ndugu zake toka ua hili ingia lile. Wakwe wakaombwa wasubiri kidogo, wakanuna, wakasubiri. Safari hii vijiboga vikang'ang'ania, vikavimba, mpaka vikawa maboga ya kumshinda mtu kubeba.

Siku ya harusi Mama Semeni mwenyewe alitandika mkeka pale gogoni. Mkwe mmoja mnene, tumbo limejaa boga la nazi, akataka kuliketia gogo apumzike.

"Inuka! Inuka haraka!" Mama Semeni akapiga kelele. "Hapo anakaa mshenga wetu!"

Hadithi imekula boga lake, imeshiba: kabla hujamwita mtu mwizi, tazama mzigo wake anampelekea nani.