Uzi Mwekundu wa Sekunda

Sogeeni, na mwenye simu aiweke chini. Hii ni habari ya watu watatu na kiti kimoja, na mwisho wake nitawauliza ninyi.

Huko nyanda za juu palikuwa na kiwanda cha maziwa cha Bwana Ngailo, na mapokezini, pale wafugaji wanapoleta ndoo zao, walikuwepo watatu. Sekunda alikuwa na pua: akifunua ndoo tu, anajua ng'ombe alikula nini. Melkiori alikuwa na kalamu, na jambo lililowashinda wengine kulieleza alilinyoosha kwa ukurasa mmoja. Hidaya alikuwa na mdomo ambao hakuna nyumba iliyowahi kuufungia mlango.

Sekunda alikuwa na desturi yake. Akikuta maziwa ya ng'ombe anayeanza kuumwa kiwele, hasemi neno. Anafunga uzi mwekundu kwenye kishikio cha ndoo, mwenye ndoo anaurudisha mzigo wake nyumbani, na foleni nzima haijui. Wafugaji walimpenda kwa hilo.

Siku moja Bwana Ngailo akarudi safari na neno jipya: mageuzi ya kidijitali. Akataka mashine ya kupima maziwa, na kila mfugaji apate jibu lake kwa simu. Wenye hisa wenzake wakamwambia, tuonyeshe kwanza faida iko wapi.

Melkiori akajifungia wiki sita kuandika andiko la mradi. Akapanga kipi kianze na kipi kifuate, akaonyesha ndoo ngapi humwagwa kila mwezi kwa sababu ubaya wa maziwa umejulikana kwa kuchelewa. Wenye hisa waliokuja wakipiga miayo wakasaini.

Mashine ikaja haijui kitu, mpaka ifundishwe. Miezi mitatu Sekunda aliinamia ndoo. "Hii imechacha. Hii imetiwa maji. Hii, ng'ombe kala vitunguu." Kila alichosema kikaingizwa. Alirudi nyumbani ananuka maziwa hadi mumewe akahamia kwenye kochi.

Wafugaji nao wakagoma, hawapimwi na dude. Hidaya akapanda vilima, nyumba kwa nyumba, akawaapia: "Dada Sekunda haendi popote. Mashine ni ya kumsaidia tu." Wakarudi wote.

Mambo yakaenda vizuri, Bwana Ngailo akawaita ofisini kwa chai na maandazi. Akawasomea mstari kutoka andiko la Melkiori: watumishi watatu wa mapokezi watabaki mmoja, msimamizi wa mfumo.

"Uliandika wewe?" Sekunda akamuuliza Melkiori.

"Bosi alisema bila mstari huo wenye hisa hawasaini." Melkiori alikuwa akilitazama andazi. "Na bila andiko, dada yangu, kusingekuwa na mashine. Nastahili mimi."

"Na mimi niliapa kwenye nyumba za watu," Hidaya akasema. "Nikiondoka, nao wanaondoka." Kisha kwa sauti ndogo akaongeza kwamba ana watoto watatu.

Bwana Ngailo akachovya andazi. "Kubalianeni wenyewe, mimi sitaki lawama. Nikimaliza chai mnipe jina."

Kinyaa kikamshika Sekunda. Miaka ishirini alinusa maziwa yaliyooza bila kukunja uso, lakini haya yalimshinda. Alimchukia yule anayetafuna. Alimchukia aliyeandika akanyamaza. Hata kiapo cha Hidaya kilimchukiza, maana kiliapwa kwa jina lake na hakuulizwa.

Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, akashika uzi. Ndipo akakumbuka kwamba ndoo za uzi hakuwahi kuzisemea neno. Mashine ilifundishwa kwa maneno yake, na ugonjwa wa kiwele haukuwamo. Siku akiondoka, maziwa yale yatapita hadi kwenye vikombe vya watoto.

Akinyamaza, siku mashine itakaposhindwa atarudishwa kwa kuombwa. Wazo hilo lilipomjia, akajinusa mwenyewe, na hakuipenda harufu.

Akauweka uzi mezani, akaeleza yote. Kabla hajamaliza, Melkiori alikuwa ameshatoa kalamu na anaandika.

"Safi sana, Mama Sekunda," Bwana Ngailo akasema. "Tuifundishe na hilo, wiki moja inatosha." Akainua kikombe, kimebaki na funda moja.

Haya, ninyi mnaonitazama. Yupo aliyepanga, yupo aliyewarudisha watu, na yupo aliyetoa hata kile cha mwisho kilichomfanya ahitajike. Bosi anasubiri jina. Mtamtajia nani?