Nani Ale Firigisi?

Kuna fumbo moja limenishinda. Nimelipeleka kwa waliosoma na kwa wasiosoma, kwa wake na kwa waume, na kila mmoja amenipa jibu zuri. Taabu ni kwamba majibu yenyewe hayapatani. Basi sogeeni, nanyi mlijaribu kwa meno yenu.

Katika kijiji cha Sikulumo walikuwepo wanawake watatu walioolewa katika ukoo mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Nabwile alijaliwa kuuliza. Akisema “kwa nini”, hata mbuzi waliacha kutafuna wakamsikiliza.

Khasoa alijaliwa kukataa. Hapana yake ungeweza kuifungia ng'ombe, ukaenda sokoni, ukarudi ukamkuta palepale.

Na Kukhu Nasipwondi, yaani Bibi Nasipwondi, alijaliwa kukumbuka. Alikumbuka hata yale ambayo watu walikuwa wamekubaliana kuyasahau.

Sasa, katika ukoo ule mwanamke hakula firigisi ya kuku. Kuku alimfuga yeye, akamkimbiza yeye, akamnyonyoa na kumpika yeye. Firigisi ikaenda kwa wanaume. Mwanamke akiila, walisema, ataota ndevu. Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha tu, kama si desturi ya pili: katika kikao cha ukoo, asiyeonja firigisi hakuwa na kauli. Sahani ilizungushwa, na aliyemeza ndiye aliyesema.

Ndipo Nekoye akafiwa na mumewe. Aliachwa na mtoto anyonyaye na shamba la migomba, migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yake Makhanu akaonekana shambani akipima kwa hatua.

“Usiwe na wasiwasi, shemeji,” alimwambia. “Kikaoni nitakusemea.”

“Utanisemea nini?”

“Kwamba umekubali.”

Nekoye alikwenda kulia kwa wale watatu. Kila mmoja akamfanyia alichokijua.

Nabwile alikwenda kwa Mzee Wekhomo, mkuu wa ukoo, akamkuta anaota jua.

“Mzee, shikamoo. Nina swali dogo.”

“Wewe huna swali dogo, Nabwile. Uliza.”

“Firigisi huwa ndani ya kuku, au ndani ya mwanamume?”

Mzee alicheka hadi akakohoa. Akasema ni desturi. Nabwile akauliza desturi ilianzishwa na nani. Na wazee. Kwa nini? Ili kuwe na utaratibu. Na asiye na kauli akidhulumiwa, huo ni utaratibu gani? Jua lilisogea, Mzee akasogeza kigoda, Nabwile akasogea naye. Mwishowe Mzee akainua mikono: “Haya, mama, haya! Jambo lako litakuwa la kwanza kusikilizwa kikaoni. Sasa niachie jua langu.”

Hakuna jambo la wanawake lililowahi kuingia kikaoni kabla ya siku ile. Lakini kuingia si kushinda. Wanaume walipolisikia walicheka, wakasema watalicheka vizuri zaidi wakishashiba.

Khasoa hakwenda kwa mtu. Asubuhi ya kikao alikalia jiwe mlangoni mwa jiko la ukoo, akakunja mikono.

“Hapiki mtu,” alisema.

“Wageni je?” wanawake wenzake waliuliza.

“Wageni wana mikono.”

“Waume zetu watakasirika.”

“Watakasirika na njaa. Hasira ya mwenye njaa ni fupi.”

Basi wanaume wakapika wenyewe. Walichinja, wakanyonyoa nusu nusu, wakatumbukiza sufuriani. Lakini hawa watu walikuwa wamekula firigisi maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona kabla haijaoshwa. Hawakujua kwamba hupasuliwa, ikamwagwa changarawe, ikamenywa ile ngozi ya manjano ya ndani. Waliipika nzima na mchanga wake. Mzee Wekhomo, kwa heshima ya cheo, aliuma wa kwanza. Mlio ulisikika hadi jikoni.

“Hii ni firigisi au ni barabara?” alilalama, amejishika shavu.

“Imekosa chumvi,” alisema Makhanu, akitafuna kwa ushujaa.

Wakawaita wanawake. Kama Khasoa asingekataa, wasingeitwa. Lakini Makhanu alisimama, akatema changarawe pembeni, akasema njaa si hoja: “Tuwaombe radhi, watupikie. Lakini mizimu haikubali mwanamke kusema. Tangu dunia iumbwe haijatokea.” Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono.

Kukhu Nasipwondi akainuka, polepole, magoti yakilia.

“Makhanu mjukuu wangu, ulikuwepo dunia ilipoumbwa?”

“Sikuwepo, Kukhu.”

“Basi nyamaza kidogo. Wakati wa vita vya Wazungu, wanaume wa hapa walichukuliwa wote kubeba mizigo. Kijiji kilibaki na nani? Kuku walichinjwa, firigisi zililiwa na nani? Nyanya yangu alikula. Aliketi na wenzake, wakaamua kesi za mipaka. Wanaume waliporudi, wakala wao, wakatutungia hadithi ya ndevu. Wekhomo!”

“Naam, Kukhu.”

“Ardhi uliyojengea, babu yako alitengewa na wanawake wale. Kama kauli ya mwanamke ni bure, uhame leo au kesho?”

Mzee Wekhomo akatazama nyumba yake, bati jipya linang'aa. Kisha akatangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba mizimu inakubali kabisa.

Firigisi nyingine ilioshwa, ikapikwa, akapewa Nekoye. Alimeza, akasimama na mwanawe mgongoni. “Migomba niliipanda mimi. Mtoto huyu ni wa ukoo huu. Sijakubali.” Akaketi. Shamba likabaki lake. Watu walimchungulia kidevu hadi jioni; hakikuota kitu.

Kikao kikaamua zaidi: kuanzia hapo, kila mkutano utakuwa na kuku mmoja wa wanawake. Firigisi yake italiwa na mmoja wao, ambaye atakuwa mdomo wa wote mwaka mzima, na neno lake litafuatwa. Haikatwi, maana firigisi ikikatwa, kauli hukatika.

Bakuli likaletwa. Na hapo, jamani, ndipo penye fumbo.

“Niile mimi,” alisema Nabwile, “niketi na wanaume kigoda kwa kigoda, nipate haki ile ile waliyo nayo. Hili tunalolifanya lina jina, nimelisoma. Linaitwa ufeministi.”

“Jina limefika juzi,” alisema Kukhu Nasipwondi. “Sisi tulikuwa hapa. Niile mimi, nirudishe baraza letu wenyewe, kama la nyanya yangu. Kigoda cha mwanamume cha nini? Kina joto lake.”

“Niile mimi,” alisema Khasoa, “au nimtupie mbwa. Kwa nini mtu ale nyama ndipo asikilizwe? Nitaifuta desturi yote, hata kwa wanaume.”

“Bila swali langu ungekalia jiwe mpaka uote mizizi!”

“Bila jiwe langu, swali lako lingechekwa mpaka leo!”

“Na bila kumbukumbu yangu,” alisema Kukhu, “mngekuwa jikoni nyote wawili, mnawapikia.”

Wakamgeukia Nekoye awaamue. Nekoye alikuwa anamfunga mtoto vizuri mgongoni.

“Mama zangu, nawashukuru wote,” alisema. “Mimi nilitaka shamba tu. Magugu yananingoja.” Akaondoka na jembe lake, na mpaka leo wapo wanaosema alikosa shukrani, na wapo wanaosema ni yeye peke yake aliyeelewa.

Kikao kikaamua hivi: firigisi isiliwe na yeyote mpaka mwenyewe ajulikane, na awepo wa kuishika. Kazi hiyo akapewa Makhanu. Amesimama katikati ya baraza na bakuli mikononi, anameza mate, na mchuzi unaanza kuganda.

Je, wewe msikilizaji, ungemwambia ampe nani?