Meno ya Nailoni na Simu ya Mkwe

Hii nimeletewa na dada mmoja wa kwaya yetu, nikaisoma mara mbili ndipo nikakutumia. Nawe usiipitishe bila kuisoma, maana nakujua.

Bibi Mbuke alikuwa na mjukuu wa miezi mitano, Limi. Mtoto akashikwa na homa na kuharisha siku mbili mfululizo. Bibi akamfunua mdomo, akaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, pale yanapoota meno ya chonge. Akasema hayo ni meno ya nailoni, yanaua watoto, na ng'ambo ya soko yuko mzee anayeyang'oa. Akaanza kujifunga kanga.

Sayi, mama wa mtoto, hakutaka fizi za mwanawe ziguswe. Lakini mkwe habishani na mama mkwe, hata kama mtoto ni wake. Basi akatumia akili. Akampa simu yake, akamweleza kwamba mle mna mashine inayojibu maswali, ukisema nayo inasema nawe.

"Mama, iulize wewe mwenyewe."

Bibi akaiuliza kwa ukali, kama anahoji mwizi wa kuku. Simu ikajibu kwa adabu. Meno ya nailoni hayapo. Yale ni meno ya kawaida ambayo bado hayajatoka. Kinachommaliza mtoto ni maji anayoyapoteza. Kuchimbua fizi ni hatari, na kunaweza kuharibu hata meno ya ukubwani yaliyo chini yake.

"Mimi siwezi kumwona mtoto," ikamalizia. "Mpelekeni kituo cha afya leo hii, na njiani aendelee kunyonya."

Bibi akacheka. "Hii haijawahi kubeba mtoto. Mimi wangu nilimpeleka akang'olewa, akapona. Si huyu hapa?"

Alimnyooshea kidole Shija, baba yake Limi, aliyesimama mlangoni. Tangu utoto Shija hucheka ameziba mdomo, hata kwenye picha za harusi yake, na mama yake siku zote alidhani anaona haya. Safari hii aliutoa mkono. Akafunua mdomo. Mapengo mawili, kulia na kushoto, mahali pa chonge. Bibi aliyajua miaka yote, ila hakuwahi kuyahusisha na kung'olewa kule.

Akakaa chini na kanga yake.

"Kumbe ni mimi, mwanangu."

"Ulinibeba kwa miguu ukiamini unaniokoa, mama," Shija akasema. "Mbebe na huyu hivyo hivyo. Ila leo tuelekee kituo cha afya."

Bibi akambeba mwenyewe, hakukubali kupokewa hata njiani. Wakapewa dawa ya kuchanganya na maji, na siku ya tatu Limi akaanza kunyonya kwa fujo.

Leo ana miaka miwili, chonge zote nne zimetoka, na anang'ata watu. Anayeng'atwa zaidi ni bibi yake, ambaye kila akimaliza kulalamika humpa kidole kingine.

Funzo: Kumpenda mtoto hakutoshi, uliza pia. Na ukiuliza mashine, isikilize zaidi pale inapokuambia kwamba haimwoni mtoto, kisha umpeleke kwa anayeweza kumwona.